Angetile na Namba ya Tatu

Nimefanya kazi katika maabara ya hospitali moja hapa Kyela kwa miaka kumi na mmoja, na sijaona mtu aliyependa kazi isiyopendeka kama Angetile. Yeye ni karani wa madai ya bima. Anakaa kwenye dirisha la pili ukitoka mapokezi, nyuma ya nondo zilizopakwa rangi ya maziwa, na kazi yake ni kugeuza magonjwa ya watu kuwa namba. Daktari akiandika malaria, Angetile anaandika namba. Nikipima mkojo, anaandika namba. Mwisho wa mwezi namba zote zinakwenda kwenye mfuko wa bima wa ushirika wa wakulima, na mfuko ukiona namba moja haikukaa sawasawa, fomu inarudi na hospitali hailipwi.

Fomu za Angetile hazirudi. Hilo alikuwa akilisema kwa sauti ya chini, halafu anatazama pembeni usije ukadhani anajisifu. Mimi ni Mhaya, kwetu mwenye la kujisifia anajisifia, kwa hiyo nilikuwa nikimtania, "Sema tu, kaka Angetile, kwamba wewe ni profesa wa namba." Anacheka bila kufungua mdomo. Ana rula ya mbao iliyolika upande mmoja. Anaiweka chini ya mstari anaousoma, anaishusha mstari mmoja, anasoma tena. Wagonjwa wanaonung'unika kwamba anachelewesha foleni hawajui kwamba rula ile ndiyo inayowafanya watibiwe bure.

Namsimulia kwa sababu yeye hatajisimulia, na kwa sababu nina hasira ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, na nitafika huko.

Kwao ni Ngonga. Ni familia ya wakulima wa mpunga, wana kokoa kidogo na migomba kuzunguka nyumba. Walizaliwa sita, na wakati ninaousimulia walikuwa wamebaki watatu. Mkubwa ni Gwamaka, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Angetile ana arobaini na nane. Wa mwisho ni dada yao, Tusekile, aliyekuwa na arobaini. Baba yao alipofariki, Gwamaka alikalia kiti chake, na kuanzia siku ile wadogo zake waliacha kumwita kaka. Wakawa wanamwita tata, ndiyo baba kwa Kinyakyusa. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni maneno tu. Kisha nikamwona Angetile, mtu mzima mwenye mvi, akimpisha kaka yake njiani, akivua kofia, akisubiri aulizwe ndipo aseme. Sikucheka, ila nilikwenda kuwasimulia wenzangu maabara.

Tusekile alikuwa na tabia nyingine kabisa. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, akiuza mchele sokoni, na kila Alhamisi mchana alipita dirishani na hotipoti ya mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama, kwa ajili ya kaka yake. Angetile ndiye aliyembeba Tusekile mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa shambani, na Tusekile aliendelea kumlipa kwa ndizi hata walipokuwa watu wazima. Mimi nilikuwa nikiletewa usipa wakavu, vidagaa vya ziwani, kwenye karatasi. "Mugonile, daktari Evodia," alikuwa akisema, salamu yao ya asubuhi, hata kama ni saa saba mchana. "Bado hujapata Mnyakyusa wa kukuoa?" Mimi si daktari na nilimwambia hivyo mara nyingi. Alisema anayechoma watu sindano na kujua siri za mikojo yao ni daktari wa kutosha.

Mwaka juzi miguu yake ikaanza kuvimba. Damu yake niliipima mimi. Nilirudia kipimo mara tatu kwa sababu sikutaka kuliamini lile jibu, na jibu likabaki lile lile. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekaribia kusimama. Baada ya wiki chache alikuwa Mbeya, kwa muumini mwenzake wa kanisani, akipelekwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mpira umechomekwa shingoni. Mfuko ulilipia. Angetile aliandika namba ya mashine ile kila wiki, na mwandiko wake haukubadilika.

Mwezi wa kumi na mbili madaktari wakasema mashine peke yake haitamfikisha mbali. Anahitaji kupandikizwa figo, na itoke kwa ndugu wa damu.

Siku hiyo Angetile alikuja maabara akiwa amekumbatia kitabu cha mfuko, lile likitabu lenye namba zote na masharti yake. Alilifungua kwenye meza yangu, juu ya vioo vyangu vya darubini, akaweka rula. Namba zilikuwa tatu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuzitumia. Namba 614 ni kupima tishu za mgonjwa, vile vinasaba vinavyoamua mwili utapokea kiungo cha nani na kukataa cha nani. Namba 615 ni kipimo hicho hicho kwa ndugu anayetaka kutoa. Namba 616 ni hatua ya mwisho, kuikutanisha damu ya hao wawili kwenye maabara ya Dar es Salaam ili ionekane kama itagombana. Chini ya 615 paliandikwa: mtoaji mmoja, mara moja. Chini ya 616 paliandikwa kwamba haifanywi mpaka majibu ya 615 yawe yamefanana vya kutosha.

"Mtoaji mmoja," Angetile alisema. "Na tumebaki wawili."

"Basi ni wewe," nikamjibu. Hanywi pombe, presha yake ni ya kijana, anaendesha baiskeli kutoka Ipyana anakoishi kila siku.

"Watu wa nyumbani ndio wataamua."

Hapo nilielewa anachokiogopa, kwa sababu nami nilikuwa nakijua. Gwamaka ana kisukari. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anakuja hospitali mchana, foleni ikiwa imekatika, amevaa koti lake la kanisani. Nampima kidoleni. Kisha anakwenda dirisha la pili, anampa mdogo wake kadi iliyokunjwa ndani ya fomu, bila neno, na mdogo wake anaipokea bila neno, anaandika namba ya kisukari na kugonga muhuri. Miaka minne wamefanya hivyo. Hawajawahi kulitaja. Nyumbani hata mkewe hajui. Anaambiwa mzee amekwenda kufuatilia mambo ya ushirika. Na mwenye kisukari hatoi figo. Hilo halihitaji kitabu.

Kikao kilifanyika Ngonga, Jumapili baada ya ibada. Niliitwa nieleze kipimo. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na Tusekile alikuwa ameletwa kutoka Mbeya, amekaa ameegemea ukuta, shingo imefungwa kitambaa ili mpira usionekane. Nikaeleza. Nikasema mfuko utalipia mtu mmoja tu, kwa hiyo achaguliwe mwenye afya kamili. Nililirudia hilo la afya. Nilidhani nimeongea kwa ujanja.

Gwamaka alisimama. "Mtoto wa baba yangu anahitaji figo," alisema. "Baba hayupo. Nipo mimi. Figo itatoka kwangu."

Watu wote wakaitikia, "Ndaga, tata." Asante, baba. Mama mmoja akaanza kulia kwa furaha. Tusekile alijaribu kupiga magoti amshukuru, akashindwa, wakamshika mabega. Nilimtazama Angetile. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Ningeweza kusema. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni pale, na kwamba siri ya mgonjwa ni siri, na yote mawili ni kweli. Lakini ukweli ule ulinifaa mno siku ile. Ulinipa sahani ya wali na kuku, nikala, nikapanda pikipiki nikarudi mjini.

Jumatano Gwamaka alikuja kutoa damu. Safari hii hakuja kwa kujificha. Alikuja asubuhi, foleni imejaa, akisalimia watu mmoja mmoja, na Angetile nyuma yake amebeba fomu. Fomu ina maswali na mimi ndiye ninayeyauliza. Nilimuuliza kama ana presha, kama ana kisukari, kama amewahi kulazwa. Nilimuuliza mimi, niliyemchoma kidole mwezi uliotangulia.

"Mimi ni mzima," alisema. Alinitazama usoni akisema hivyo, na nadhani wakati ule aliamini. Alikuwa akitoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutoa, na vidonge vya kwenye kopo havikuwa na nafasi katika jambo kubwa namna ile.

Nikaandika: hana. Mkono wangu ndio ulioandika. Kisha nikamwita Angetile kwenye korido.

"Fomu haijatumwa," nikamwambia. "Andika jina lako. Nitakutoa damu sasa hivi."

"Ameshatamka mbele ya ukoo."

"Watamkataa, kaka Angetile. Wakipima sukari tu watamkataa, na namba itakuwa imeshatumika."

"Najua. Fomu zake naziandika mimi."

"Basi kamwambie. Mkiwa wawili."

"Nimwambieje?" Alikuwa akiizungusha rula mkononi. "Nimwambie tata hufai? Miaka minne ananipa kadi, sijamuuliza anaumwa nini, naye hajaniambia. Nikifungua mdomo leo nimemvua nguo. Halafu arudi kwa watu aseme nini? Kwamba alisimama akajitoa, mdogo wake akamkalisha?"

"Dada yako atakufa."

"Labda sukari imeshuka," alisema. "Anakula vizuri siku hizi. Mungu anaweza kufanya njia."

Nilitaka kumpiga na ile rula yake. Nilirudi ndani, nikafunga chupa za damu kwenye kiboksi cha barafu. Yeye akarudi dirishani, akaandika 614 kwa Tusekile na 615 kwa Gwamaka, kila tarakimu kwenye kijisanduku chake, muhuri umenyooka. Fomu haikurudi. Katika fomu zote alizowahi kuandika Angetile, ile ndiyo iliyopaswa kurudi.

Majibu yalikuja mwishoni mwa mwezi wa pili. Tishu zilifanana nusu, jambo ambalo lingeweza kutosha. Wakamwita Gwamaka Mbeya kwa uchunguzi wa mwili, na kabla ya saa nne asubuhi wakawa wameshaiona sukari. Barua ilikuwa na mistari miwili. Gwamaka alirudi Ngonga akawaambia watu kwamba damu zao hazikupatana. Watu wakampa pole, wakamwambia amefanya sehemu yake.

Angetile akaomba kibali cha mtoaji wa pili. Kompyuta ikajibu kwa neno moja: imetumika. Akaandika barua. Akaandika nyingine. Kisha akapanda gari kwenda ofisi ya mfuko Mbeya, amevaa shati jeupe, na kijana wa pale akamkaribisha kiti, akamfungulia kitabu na kumwonyesha sharti lililo chini ya 615. Angetile alikuwa analijua mpaka ukurasa. Miaka ishirini amekuwa akiwaeleza watu masharti kama hayo kwa upole ule ule kutoka nyuma ya nondo. Aliniambia kijana yule hakukosea popote. Aliniambia hivyo mara mbili.

Ikabaki kulipa wenyewe, na hakuna mkulima wa hapa mwenye fedha taslimu mwezi wa tatu. Mvua zilikuwa zinanyesha jinsi zinavyojua kunyesha Kyela, maji yamejaa mashambani, watu wanavuka kwenda kwao wameshika viatu. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja mnada wa kokoa. Nadhani ile miezi ndiyo iliyomzeesha Angetile. Alikuja kazini kila siku, fomu zake hazikurudi, na Alhamisi mchana alikula mkate kwa chai.

Mwezi wa sita Tusekile aliletwa Kyela kwa siku moja kuona watoto wake. Akaomba apitishwe hospitali. Akakaa kwenye benchi chini ya dirisha la pili, amekonda, ngozi imegeuka rangi ya majivu, na mkononi ana usipa kwenye karatasi. Aliwanunua stendi. Nilikuwa nimetoka kuleta majibu ya wagonjwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Usijitese, kaka," alimwambia Angetile. "Tata alijitolea, ikashindikana. Wangapi wana kaka wa namna hiyo?"

Angetile alishika nondo kwa mikono yote miwili. Nilidhani sasa atasema. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu, mimi nilikuwa najua, na huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na haki ya kuambiwa. Akafungua mdomo. Kisha akasema, "Umekula?"

"Nimekula," Tusekile alisema. Akanigeukia. "Na wewe daktari, nikipona nitakutafutia mume mimi mwenyewe. Umeshindwa kazi." Nikacheka. Niliporudi maabara nilifunga mlango nikalia mpaka nikachelewesha vipimo vya watu.

Mwezi wa saba Gwamaka alipeleka kokoa yake yote kwenye ghala la ushirika, akaiandikisha kwa jina la Angetile. Hakuja kueleza. Angetile alijua alipoitwa kuchukua malipo. Kama kulikuwa na msamaha ulioombwa kati ya wale watu wawili, basi ulikuwa kwenye magunia yale, na ulipokelewa hivyo hivyo bila neno, jinsi walivyozoea.

Akaziweka fedha zile amana hospitalini, na siku iliyofuata nikamtoa damu. Hakutazama sindano. Damu ya Tusekile ilikuwa bado imehifadhiwa Dar es Salaam, kwa hiyo nikaandika kwenye ombi kwamba, ikiwa 615 itafanana, waendelee moja kwa moja na 616 bila kutuuliza, tusipoteze wiki nyingine. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa. Nilijiona nimefanya jambo la akili hatimaye.

Siku ya tisa Tusekile alipata homa. Vijidudu vilikuwa vimeingia kupitia ule mpira wa shingoni. Siku ya kumi na moja alifariki, Mbeya, saa mbili asubuhi, kabla Angetile hajafika.

Tulimzika Ngonga, kando ya migomba ya baba yake. Kwaya ya Moraviani iliimba, wanawake walilia mpaka sauti zikaisha, na masufuria ya wali yalikaa motoni siku tatu kwa sababu watu waliendelea kuja. Binti yake mdogo alizunguka na birika la kunawisha watu mikono, akimwambia kila mtu karibu. Gwamaka alisema maneno ya mwisho kaburini. Alisema ukoo ulifanya kila uwezalo kufanya.

Majibu yalinifikia wiki mbili baadaye, Jumanne. Bahasha zote za vipimo vya nje huja kwangu. Ningeweza kuiacha imefungwa, lakini mimi si mtu wa namna hiyo. Nikaifungua. Tishu za Angetile na za Tusekile zilifanana zote, kila mstari. Damu zao zilipokutanishwa hazikugombana hata kidogo. Kwa ndugu wa tumbo moja hilo hutokea kwa mmoja kati ya wanne, na yeye alikuwa ndiye. Alikuwa hapo tangu mwanzo, hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu, akipiga mihuri.

Niliitia bahasha kwenye droo, chini ya maboksi ya vioo, nikafunga na funguo. Angetile hakuuliza. Alikuwa amerudi kazini, kichwa kimenyolewa, akawa ananisalimia na kupita. Nikadhani hataki kujua, na nikamshukuru kwa hilo. Niliamua kwamba mzigo ule nitaubeba mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika habari hii kuamua kubeba chochote.

Nilisahau ankara. Miaka kumi na mmoja hospitalini, na nilisahau kwamba kila kipimo kinacholetwa kwangu kama majibu kinakwenda pia dirisha la pili kama deni. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilimwona mpeleka barua akipitisha bahasha ndefu katikati ya nondo, nikaitambua nembo ya maabara ya Dar es Salaam, nikaacha mgonjwa na mkono wake umefungwa mpira, nikakimbia.

Nilimkuta ameshaweka rula. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. Mstari wa kwanza: 615, Angetile, na tarehe. Alikuwa ameshausoma. Alikuwa ameishusha rula kwenye mstari wa pili, na haikusogea tena. Mstari ule uliandikwa 616, Angetile, na tarehe.

Haikuwa na neno lolote juu ya kufanana. Ankara haisemi majibu. Lakini hakuna mtu mwingine katika wilaya hii anayejua kwamba namba ya tatu haifanywi mpaka ya pili ifanane.

"Ulijua lini?" aliniuliza, bila kunitazama.

"Jumanne iliyopita."

"Zote?"

"Zote, kaka Angetile."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ankara ni sahihi," alisema. "Hawajatuzidishia." Akachukua kalamu, akaiandika kwenye daftari, mstari wa kwanza na wa pili, kila tarakimu mahali pake. Kisha akasema, "Ndaga fijo, dada Evodia," asante sana, na sikujua ananishukuru kwa nini. Angenitukana ningepata nafuu.

Ningeishia hapo kama isingekuwa Jumatano iliyofuata, ya kwanza ya mwezi. Gwamaka alikuja mchana, na koti lake. Nilimpima kidoleni. Sukari ilikuwa juu sana. Alikuwa amekuwa mzee ghafla, suruali inamlegea, na alipotoka nilimfuata mpaka dirisha la pili kwa sababu nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimepanga maneno. Ndugu wale wawili walikuwa wamenyamaza vya kutosha na mimi nilikuwa nimenyamaza nao, na mtu mmoja lazima aambiwe kitu kimoja cha kweli, hata kama hakimfufui mtu.

Angetile alisimama alipomwona kaka yake. Alipokea fomu na kadi iliyokunjwa ndani. Lakini safari hii Gwamaka hakuondoka. Alibaki ameshika nondo, pale pale mdogo wake alipokuwa ameshika mwezi wa sita, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akasema neno kwenye dirisha lile.

"Yale majibu yako," alisema. "Yalikuja?"

"Yalikuja, tata."

"Yakasemaje?"

Angetile alimtazama. Kisha akanitazama mimi, nyuma ya bega la kaka yake, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nikayaacha maneno niliyoyapanga.

"Hayakufanana," alisema. "Hata mimi nisingefaa."

Gwamaka alifumba macho. Nilimwona akishusha pumzi, mabega yakilegea chini ya koti, na niliona jinsi alivyokuwa ameishi na swali lile tangu siku ya mazishi. "Basi alikuwa wa Mungu," alisema. "Hakuna ambacho tungefanya."

"Hakuna, tata."

Mzee akavaa kofia, akanisalimia kwa heshima, akaondoka akitembea vizuri kidogo kuliko alivyokuja. Angetile akakaa. Akakunjua fomu ya kaka yake, akaweka rula chini ya mstari, akaandika namba ya kisukari, akagonga muhuri na kumwita mgonjwa aliyefuata.